Vipimo vya Fundi Mwenyewe

Fundi ninayemzungumzia hapa anajua kifua cha mwanangu kuliko ninavyokijua mimi. Ana daftari nene, jalada lake limegandishwa kwa gundi mara mbili, na ndani mna vipimo vya watoto wa shule wa mitaa ya Umoja, Kayole, Donholm na Makongeni hapa Nairobi: kifua, kiuno, bega, mkono, urefu wa sketi. Mtajie mtoto aliyemshonea kaptula mwaka 2019, atalamba kidole, atafunua kurasa, kisha akwambie, "Huyu alikuwa kiuno ishirini na mbili. Sasa si ameshakuwa mwanamume?" Lakini siku ya kwanza nilipomuuliza presha yake huwa ngapi, alinitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya ndege.

"Hiyo si ni kazi yenu, daktari?"

Mimi si daktari. Ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban laki moja waliokabidhiwa mifuko ya vifaa kuanzia Septemba 2023. Nina nyumba kama mia moja ninazozizungukia hapa Umoja. Napima, nasikiliza, natoa rufaa, narudi kuuliza. Dawa siandiki. Kisa hiki nakieleza kwa idhini ya mwenyewe, na mambo machache nimeyageuza asije akatambulika. Nakieleza kwa sababu nilikosea katikati yake, na kosa langu ndilo lililonionyesha wajibu wa mtu kwa mwili wake unakaa wapi hasa.

Nilimpata Jumapili alasiri, Februari 2024. Siku nyingine hapatikani: saa kumi na mbili asubuhi ameshaondoka kwenda Soko la Uhuru kwenye Jogoo Road, na anarudi saa tatu usiku. Alikuwa na miaka 54. Nilimkuta ameketi na simu sikioni akibishana na mzazi mmoja kuhusu mashati. Mkewe akaniletea chai, nikangoja amalize.

Kupima presha kuna adabu zake, na nyingi hazifuatwi. Mtu akae ametulia dakika tano. Mgongo uegemee, nyayo zote mbili ziguse sakafu, mguu usipandishwe juu ya mwenzake. Mkono uwe mtupu, umelazwa usawa wa moyo. Asiongee. Awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Wengi hupimwa juu ya shati, bado wanahema baada ya kupanda ngazi, kisha wanaambiwa wana presha au hawana, na wote wawili huenda wamedanganywa. Nilimfanyia Fundi yote hayo. Mashine ikasoma 172/104. Nikangoja kidogo, nikapima tena: 168/102. Tunaanza kuwa na wasiwasi namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90.

"Lakini mimi siumwi," akasema.

Hakuwa anadanganya. Wengi wenye presha hawasikii chochote, si kichwa wala kizunguzungu, mpaka siku mshipa wa ubongo unapopasuka au kuziba, au figo zinapochoka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha iliyopanda. Nikizunguka Umoja naiona hesabu hiyo mlango kwa mlango, na karibu kila mlango una mtu wa kuniambia haumwi.

Nilimuuliza kama kuna mtu wa kwao aliyewahi kuwa na presha. Mama yake alipooza upande wa kulia na kufariki baada ya miaka miwili. "Kwa hivyo ni ya ukoo," akasema, akifunga mazungumzo. Nikamwambia ukoo unaongeza uwezekano tu, haujaamua kitu. Hapo ndipo aliponitolea lile lililokuwa moyoni.

"Daktari, nikuambie ukweli. Presha yangu ni ya ndugu yangu."

Nilidhani ulimi umeteleza. Haukuteleza.

Baba yao alifariki mwaka 2014 na kuacha shamba la ekari nane upande wa Machakos. Kaka mkubwa alijenga pale, akapanda, akakodisha kipande kwa watu wa kuchimba mchanga. Fundi alipouliza sehemu yake aliambiwa yeye ni mtu wa Nairobi, ana kazi yake. Wakarushiana maneno kwenye mazishi ya shangazi yao, na tangu hapo hawajazungumza. Kila usiku, baada ya kuzima taa, Fundi hutunga hotuba ya kumwambia kaka yake siku watakapokutana. Alinipa vipande vyake. Ilikuwa hotuba nzuri kweli, imepigwa msasa miaka yote hiyo, yenye mwanzo, vituo na mahali pa kunyamaza. Alikuwa akilala saa nane, saa tisa za usiku kwa ajili yake.

"Siku nikipata haki yangu, presha itashuka yenyewe. Na nitakuwa na furaha. Kwa sasa siwezi."

Hili linahitaji kuangaliwa kwa makini, maana ni rahisi kulipita kwa haraka. Kuna watu wangemjibu kwamba furaha ni uamuzi, asamehe aendelee na maisha. Mimi nakataa. Alidhulumiwa, na dhuluma haigeuki hewa kwa sababu aliyedhulumiwa amefundishwa kupumua vizuri. Tena kuna ukweli katika alichosema: hasira hupandisha presha kwa muda, na kukosa usingizi mwaka baada ya mwaka hakumsaidii yeyote. Lakini presha inayokaa palepale asubuhi na jioni haikai kwa sababu ya ndugu peke yake. Kuna umri, ukoo, chumvi, uzito, pombe kwa wanaokunywa, na kukaa kitako. Fundi alikuwa anakaa kwenye cherehani saa kumi na mbili kwa siku, anakula mchana kwenye kibanda ambapo chumvi mbichi iko mezani kwenye kikopo, na anakunywa soda mbili. Kaka yake hakuwa amekaa kwenye kile kiti wala hakuwa ameshika kile kikopo.

Jambo ambalo sikuliona siku ile, na ningeliona mapema ningemwokolea miezi, ni kwamba maneno yake yalikuwa yamemtoa yeye mwenyewe kwenye habari. Presha ilikuwa ya kaka. Ukoo ulikuwa wa mama. Vipimo vilikuwa kazi ya "daktari". Furaha ilikuwa imewekwa amana Machakos, kwa mtu ambaye hakuwa na haraka ya kuirudisha. Alikuwa ameshika nini yeye?

Nilimpa rufaa. Dispensari walimpima siku nyingine, wakathibitisha, wakamwanzishia kidonge kimoja cha amlodipini kila siku, na wakamwambia apunguze chumvi. Huu ndio upande mwepesi wa kazi yetu.

Sasa nieleze tulivyojipanga. Mkewe alikuwa anamwekea kidonge kwenye kisosi kando ya kikombe cha chai. Binti yake, anayekaa Kitengela, alikuwa anapiga simu kila jioni: "Baba, umekunywa dawa?" Nami nilikuwa namtumia ujumbe kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naye ananijibu, "Tayari daktari, ubarikiwe." Nilijivunia sana majibu yale. Niliwaonyesha wenzangu kwenye mkutano wetu wa mwezi. Mwezi wa Aprili alikuwa 146/90, nikaona tumeshinda.

Agosti 2024 nikaenda Kakamega kumzika mama mdogo, na kwa mambo ya nyumbani nikakaa wiki tatu. Simu yangu ilikuwa haina chaji nusu ya wakati, na nusu iliyobaki sikukumbuka. Niliporudi nikaenda kumpima: 184/110. Nikapima tena, nikitumaini mashine imekosea. Haikuwa imekosea.

Alikuwa ameacha dawa. Kwanza miguu ilikuwa inamvimba jioni, kwenye vifundo, na jirani yake wa sokoni alimwambia hizo ni figo zinaharibiwa na dawa. Halafu jirani huyohuyo akamwambia lile neno ninalolisikia kila wiki, kwamba dawa ya presha ukianza huachi, ni kama mtego. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kazi imejaa, chai ya asubuhi anaiacha mezani. Kidonge kilikuwa kinabaki kwenye kisosi, mkewe anakirudisha kwenye pakiti ili asigombane. Binti akipiga anaambiwa ndiyo.

Nilikasirika. Nilimuuliza kwa sauti ambayo nisingetaka mtu mwingine anisikie nayo, "Fundi, kwa nini?"

Akanijibu bila hata kuinua sauti: "Si wewe ndiye hukunikumbusha."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Mwanzoni liliniudhi, kisha nikaona kwamba alikuwa anasema kweli tupu. Sisi watatu tulikuwa tumegawana presha yake: mkewe kisosi, binti simu, mimi ujumbe. Watu watatu tulikuwa tunaumwa presha moja, na mwenye presha hakuwemo. Tulikuwa tumemfanyia upendo uliomwacha mikono mitupu. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kumfundisha, ndiye niliyekuwa nimemfundisha kwamba dawa yake inaanzia kwenye simu yangu.

Siku hiyohiyo nilimpeleka dispensari, maana mtu mwenye 184 huwezi kukaa naye ukitafakari. Njiani nilimweleza, polepole safari hii, kwamba kuvimba vifundo ni jambo linalojulikana kwa dawa ile, na kwamba haimaanishi figo zinaharibika. Kilichotakiwa ni kwenda kulisema, maana kuna dawa nyingine na vipimo vingine vya dawa. Kuhusu mtego, nilimwambia hivi: dawa haimfungi mtu. Ugonjwa ndio unaobaki, na ndiyo maana dawa inabaki. Mtu mwenye miwani akiivua haoni, na hakuna anayesema miwani imemtega.

"Wewe ndiye utakayemwambia daktari habari ya miguu," nikamwambia tukiwa kwenye foleni. "Mimi nitakaa nje."

Hakupenda. Aliingia akatoka baada ya dakika kumi na dawa mpya ya kujaribu, na nilimwona usoni kwamba amezungumza.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia mbele ya mkewe kwamba kuanzia siku ile sitamtumia ujumbe wa asubuhi tena. Nitakuja kupima, akiniita nitaitika, akiniuliza nitajibu. Kisosi na simu ya jioni niliwaachia wao waamue. Mkewe alishusha pumzi, akasema, "Mimi nimechoka kitambo, nilikuwa naogopa tu kuacha." Fundi akanyamaza, kisha akacheka kidogo na kusema, "Kinyozi hajinyoi, daktari."

Methali hii huwa tunaitumia kama ruhusa. Nilimjibu hapohapo, na sijui jibu lilitoka wapi: kinyozi hajinyoi, lakini haachi nywele ziote. Anatoka kwenye duka lake kwa miguu yake, anakwenda kukaa kwenye kiti cha kinyozi mwingine, anaeleza anataka zikatwe vipi, na analipa. Methali haikusema wengine wamfuate nyumbani na mkasi.

Sitajifanya nilikuwa na uhakika. Usiku ule na siku zilizofuata nilikuwa na hofu kwamba nimemwacha mtu kwenye ukingo kwa sababu ya falsafa yangu. Mara mbili niliandika ujumbe nikaufuta. Nilimpima karibu kila Jumapili, na namba zilishuka kidogokidogo, lakini yeye hakusema lolote na mimi sikuuliza.

Oktoba nikaenda sokoni kuchukua kaptula za mwanangu. Fundi alikuwa kwenye ovaloki, ile mashine ya kukunga kingo za nguo, nyuma ya banda, na kijana anayemsaidia akanipa daftari nitafute ukurasa wetu mwenyewe. Nikafunua. Katikati ya watoto wa shule nikakuta ukurasa wenye kichwa kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: *Mteja: mimi.*

Chini yake, kwa mpangilio uleule wa kurasa nyingine, kulikuwa na kiuno, 41. Alikuwa amejipima kwa futi yake mwenyewe. Kisha safu ya tarehe, na kila tarehe ina alama ya vema au mkato. Vema ni siku aliyomeza dawa, mkato ni siku aliyosahau. Mikato ilikuwa minne kwa siku thelathini na moja. Pembeni kulikuwa na presha tano: tatu zangu za Jumapili, mbili alizopimwa na kemisti wa pale sokoni. Na mahali ambapo kurasa nyingine huwa na tarehe ya kuchukua nguo, aliandika: *haina.*

Alirudi akanikuta nimeinama juu yake. Alichukua daftari, si kwa hasira, akalifunga.

"Nguo hii haichukuliwi, dada," akasema. "Ni ya kurekebisha kila mara."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada.

Nimewahi kuwapa watu kalenda zenye picha. Nimewahi kuwaonyesha programu za simu. Hakuna lolote kati ya hayo lililofanya kazi kwa Fundi, na nadhani sababu ni kwamba yote yalikuwa yametoka kwangu. Daftari lilikuwa lake. Tena fundi anamheshimu mteja kuliko anavyojiheshimu: nguo ya mteja lazima iwe tayari Jumamosi hata akikesha. Alipojiandika kama mteja alijipa heshima ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiwapa watoto wa watu. Sikumfundisha hilo. Nilichofanya ni kumwondokea njiani.

Na kiuno 41 kilimsumbua kuliko 184. Presha ni namba ya mashine, lakini inchi ni lugha yake. Nilipomwambia kwamba kwa mwanamume kupita inchi 40 ni dalili ya hatari kwa moyo, alijishika mkanda palepale.

Mengine yalifuata bila makelele. Alianza kushuka matatu Mutindwa badala ya kufika mlangoni, ananunua managu au kunde sokoni pale na kumalizia safari kwa miguu. Soda ziliisha. Chumvi ya mezani aliiacha, ingawa mama wa kibanda alimuuliza kama anataka chakula cha hospitali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate na viungo vya pakiti. Kila saa moja anasimama kwenye cherehani, anapiga pasi akiwa wima.

Lakini nisikae kwenye mboga, maana mboga si kiini cha kisa hiki. Kiini ni hotuba.

Novemba aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: mtu akitaka urithi kisheria, anaanzia wapi? Nikamwuliza, je, kesi iko wapi sasa? Akaniangalia. Hakukuwa na kesi. Miaka kumi ya kutunga hotuba, na hakuwahi kupeleka karatasi hata moja popote. Hata cheti cha kifo cha baba hakuwa nacho nakala. Alikuwa anangoja kaka yake aje, aombe radhi, ampe sehemu yake kwa mkono wake. Hilo ndilo sharti la furaha alilokuwa ameliweka, na funguo zake zote zilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Aliacha banda siku mbili, akapanda gari la Machakos. Alipata nakala ya cheti cha kifo. Alikwenda kwa chifu kuomba barua ya kuwataja wote walioachwa na marehemu, ambayo mahakama inaitaka. Na hapo chifu akamuuliza, kama anavyoulizwa kila mtu, "Mko wangapi?"

Akasema wawili. Chifu, ambaye anaijua ile familia, akamwambia, "Na dada zenu?"

Wapo dada wawili, wote wameolewa, mmoja Mwala na mwingine Athi River. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mzazi akifa bila wosia na bila kuacha mwenzi aliye hai, mali hugawanywa sawa kwa watoto, na binti ni mtoto kama mwana. Katika hotuba yote ya miaka kumi, ile iliyopigwa msasa mpaka ikang'aa, dada zake hawakutajwa hata mara moja. Alinieleza haya Jumapili iliyofuata akiwa ametazama sakafu. "Nilikuwa nalia nimenyimwa," alisema, "na mimi mwenyewe nimewanyima kichwani mwangu."

Nililichukua hilo kwa uzito mkubwa kuliko namba yoyote niliyowahi kuandika kwenye simu ya kazi. Mtu anayesema maisha yangu yameharibiwa na fulani mara nyingi anasema kweli. Shida ni kwamba akikaa hapo muda mrefu, macho yake hayaoni tena mahali ambapo yeye pia anashika kamba. Aliwapigia dada zake simu. Mmoja alikata. Mwingine walizungumza saa nzima.

Karani wa mahakama hakuihitaji hotuba. Alihitaji majina, namba ya shamba, tarehe ya kifo, orodha ya mali na madeni. Miaka kumi ya usiku ikaingia kwenye ukurasa mmoja na nusu. Ombi likachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, siku thelathini zikahesabiwa kwa mwenye pingamizi, na kaka akaweka pingamizi. Kesi iko mahakamani hadi leo. Huenda ikachukua miaka, na huenda asipate anachokitaka.

Analala, lakini. Nilimuuliza hotuba inaendeleaje, akaniambia amesahau mwanzo wake. Siku za Jumapili jioni anacheza drafti kwa vifuniko vya chupa na wazee wa mtaa, jambo ambalo mkewe anasema alikuwa ameliacha tangu mazishi ya baba yake. Nilipita siku moja nikamsikia anacheka kwa sauti tangu kwenye kona. Kaka yake bado anakaa kwenye shamba lote. Kwa hesabu ya Fundi ya mwaka 2024, kicheko kile hakikuwa kimeruhusiwa bado.

Kuna mpaka wa haya yote na lazima niuweke wazi, kwa sababu nimeona neno wajibu likigeuzwa fimbo ya kumchapia maskini. NHIF, ile bima ya afya ya serikali, ilipoondolewa na SHA kuingia mahali pake Oktoba 2024, Fundi alijiandikisha mwenyewe kwa kupiga *147#, akapiga hesabu, akaanza kuweka pesa kwa sababu aliye kwenye kazi yake mwenyewe hulipa mchango wa mwaka mzima, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Alifanya sehemu yake yote. Hata hivyo mwaka 2025 mara mbili alifika dispensari akakuta dawa za presha zimeisha, akanunua kwa kemisti kwa pesa ya uzi. Mara ya pili hakuwa na pesa ya uzi. Siku nane kwenye daftari zina mkato, na kando yake ameandika: *hakuna dawa.* Mikato ile si yake. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na haki hiyo haitimizwi kwa kumwambia fundi wa Umoja ajitunze. Nimeliandika kwenye ripoti zangu na nitaendelea kuliandika. Ila niliona kitu: kwa kuwa alikuwa anajua mikato yake mwenyewe, alijua pia ipi si yake. Alikwenda kwa msimamizi wa dispensari na daftari mkononi, akamwonyesha tarehe. Zamani angesema tu, "Serikali hii," na kurudi kwenye cherehani.

Januari ya 2026 watoto wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari za juu, na sare zao nyingi ni mpya kabisa, rangi mpya, beji mpya. Nilikwenda Soko la Uhuru wiki ya pili, nikakuta wazazi wamejipanga mpaka nje ya banda. Fundi alikuwa na chaki sikioni na futi shingoni. Macho mekundu. Aliponiona akaniambia bila kuulizwa kwamba wiki ile amesahau siku tatu, na kwamba amepata usingizi wa saa nne tu usiku uliopita, na kwamba anajua namba itakuwa mbaya.

Nikatoa mashine kwenye mfuko. Akamwambia mzazi aliyekuwa mbele, "Mama, nipe dakika chache." Akavuta kiti cha plastiki, akakiegemeza ukutani, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akaweka nyayo zote mbili chini. Nilipoinama kumfunga kitambaa mkononi akanizuia.

"Ngoja kwanza, dada," akasema, "sijakaa dakika tano."